Alama ya maji ya kulinda picha: mbinu zipi zinahimili mkasi, zipi zinahimili JPEG tu

Ukitafuta mbinu ya kuweka alama ya maji, yaani alama inayotiwa juu au ndani ya picha ili kuitambulisha, majina ndiyo yanayokupokea: LSB, DCT, DWT, SVD, na siku hizi mitandao ya neva; nitayaeleza moja moja. Kila mbinu ina watetezi wake na kila moja ina majaribio iliyofaulu. Lakini picha ikishatoka mkononi mwako hupitia mambo ambayo hukuyapanga. Hubanwa upya kwa JPEG, hupunguzwa ukubwa, hukatwa pembeni, na mara nyingi hupigwa picha ya skrini badala ya kupakuliwa. Nitazilinganisha mbinu kwa mambo hayo manne, na msimamo wangu nautoa mapema: mgandamizo wa JPEG umezungumzwa vya kutosha, na mbinu nyingi nzuri zinauhimili. Kinachoziangusha ni mkasi. Kama hujui mbinu fulani inafanyaje picha ikikatwa na kupunguzwa, usiikabidhi kazi zako.

Alama imwambie nani, kitu gani?

Anayetaka mwizi aone na aachane na picha anahitaji alama inayoonekana. Anayetaka kumthibitishia mhariri, wakili au wasimamizi wa mtandao wa kijamii kwamba picha iliyoibwa ni yake anahitaji alama isiyoonekana na iliyo imara, yaani inayobaki hata picha ikichezewa. Anayetaka kujua kama picha imechezewa anahitaji kinyume chake kabisa: alama tete, inayovunjika ikiguswa kidogo tu. Na anayegawa picha moja kwa wateja kadhaa kabla haijatoka rasmi, akitaka kumjua atakayeivujisha, anahitaji alama isiyoonekana yenye namba tofauti katika kila nakala. Wengi huumia hapa. Huchukua mbinu iliyotengenezwa kwa kazi moja, wakaitwisha kazi nyingine, kisha wakaamua kwamba alama za maji hazifai.

Alama yoyote isiyoonekana huvutwa na mambo matatu: isionekane, iwe imara, na ibebe taarifa nyingi. Ukiongeza moja, mengine yanapungua. Kutoonekana hupimwa kwa PSNR, kipimo cha desibeli kinachoilinganisha picha yenye alama na ile ya asili. Ikivuka desibeli 40, jicho la kawaida hupata shida kuona tofauti. Usiitegemee namba hiyo peke yake. PSNR ni hesabu ya picha nzima kwa pamoja, haijui wapi pana majani na wapi pana anga tupu. Alama inayopotea kabisa kwenye nywele au nyasi inaweza kujitokeza kama madoa hafifu kwenye ukuta mweupe au anga lisilo na wingu. Fungua picha kwa ukubwa wake kamili, utazame sehemu laini kwa macho yako.

Alama inayoonekana

Hii ndiyo pekee inayozungumza na mtu anayetazama picha. Haihitaji programu ya kuisoma wala maelezo. JPEG haiisumbui, kupunguza ukubwa kunaiacha ikisomeka kama ilikuwa kubwa vya kutosha, na picha ya skrini inaibeba kama ilivyo. Udhaifu wake ni mahali ilipokaa na namna inavyorudiwa.

Kuhusu mahali, jambo ni rahisi: jina dogo kwenye kona linaondoka kwa mkato mmoja, na picha inabaki nzuri vilevile. Kuhusu kurudiwa, kuna utafiti ambao kila mwenye maktaba ya picha angepaswa kuujua. Mwaka 2017 Tali Dekel na wenzake wa kitengo cha utafiti cha Google walionyesha kwamba nembo ileile ikiwekwa juu ya picha nyingi, kompyuta inaweza kuzilinganisha picha hizo, ikatambua kisichobadilika, ikaikadiria nembo pamoja na wepesi wake (kiasi inachoacha picha ionekane nyuma yake), halafu ikaitoa kwenye picha zote bila mtu kugusa chochote. Kadiri ulivyo na picha nyingi zenye nembo ileile, ndivyo unavyomrahisishia mwizi kazi. Waligundua pia kwamba kuhamisha nembo huku na huko hakusaidii, wala kubadili kidogo wepesi wake. Kilichosaidia ni kuipinda nembo kidogo tu, kwa namna isiyotabirika, katika kila picha. Jicho halioni kupinda huko, ila programu ya kuondoa inapotoa nembo inaacha makovu ya kingo zake.

Siku hizi kuna programu za kujaza sehemu iliyofutwa zinazofanya kazi hata kwenye picha moja. Hizo zinafaulu zaidi pale nembo ilipokaa juu ya kitu rahisi kubuni, kama anga, maji au ukuta. Juu ya uso wa mtu, maandishi, mikono au mshono wa nguo, hubuni kitu ambacho hakikuwepo, na kosa linaonekana. Kwa hiyo ipitishe nembo juu ya kitu chenye thamani ndani ya picha, uipinde kidogo kila mara, na ukubali kwamba picha itapoteza uzuri. Kwa sampuli ya kumwonyesha mteja kabla hajalipa, hasara hiyo inastahili. Kwa picha inayojitangaza yenyewe, mimi nisingeiweka.

LSB: nzuri kwa macho, dhaifu kwa kila kitu kingine

Pikseli, yaani kitone kimoja cha picha, katika picha ya biti 8 ina thamani kati ya 0 na 255. Chukua pikseli yenye 150. Katika mfumo wa namba mbili ni 10010110, tarakimu nane za 0 na 1 ziitwazo biti. Biti ya mwisho ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote, na ndiyo iitwayo LSB. Ukiigeuza kuwa 1, pikseli inakuwa 151, na hakuna atakayeona. Ukifanya hivyo kwa kila pikseli na kila moja ya rangi tatu, picha ya pikseli 1000 kwa 1000 inabeba biti milioni 3, sawa na baiti 375,000. Hata ukizijaza zote, PSNR inabaki karibu desibeli 51. Kwa kutoonekana na kwa ujazo, mbinu hii inashinda kwa mbali.

Sasa ihifadhi picha hiyo kama JPEG. Ile 151 inarudi ikiwa 148, au 152, na biti yake ya mwisho haina tena uhusiano na ulichoandika. Punguza ukubwa, kila pikseli mpya inakuwa mchanganyiko wa majirani zake, na ujumbe umesambaratika. Wala mshambuliaji hahitaji hata hayo: akizijaza biti zote za mwisho kwa namba za kubahatisha, picha haiharibiki na alama imekwisha. Makala nyingi za wanaoanza husifu LSB kama ulinzi wa hakimiliki kwa sababu ni rahisi kuiandika kwenye programu. Kwa kazi hiyo haifai hata kidogo.

Mbinu za kugusa pikseli moja moja zinapata thamani pale unapotaka alama tete. Mwaka 1997 Minerva Yeung na Fred Mintzer walieleza namna ya kurekebisha pikseli kidogo kwa jedwali la siri, ili kila pikseli isome sehemu ya nembo. Mtu akifuta kitu au akibandika kingine, ukisoma nembo unaona palepale palipoguswa. Kwa picha za hospitali, ambako kubadilisha hata pikseli moja kunaweza kuleta ubishi, kuna alama zinazoondoleka: ukishaithibitisha picha, unaitoa alama na kuipata ile ya asili pikseli kwa pikseli. Jun Tian alieleza mbinu mojawapo mwaka 2003, kwa kupanua tofauti kati ya pikseli mbili zinazopakana. Hizo ni kazi za kulinda ukweli wa picha. Umiliki ni suala jingine.

DCT: kukaa pale JPEG inapoogopa kugusa

Hapa ndipo uimara unapoanza, na inafaa kutazama kwa karibu kinachotokea. JPEG huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8. Pikseli 64 za kila kipande hugeuzwa, kwa hesabu iitwayo DCT, kuwa namba 64 za masafa. Ya kwanza ni mwangaza wa wastani wa kipande. Zilizo karibu nayo zinaeleza mabadiliko ya taratibu, na zile za kona ya mbali zinaeleza chembechembe ndogo kabisa. Kila namba hugawanywa kwa namba nyingine iliyoko kwenye jedwali, kisha hukadiriwa kuwa namba kamili. Katika jedwali la mwangaza lililotolewa kama mfano na kiwango chenyewe cha JPEG, kona ya karibu ina namba kama 11 na 12, na kona ya mbali kabisa ina 99.

Sema umeongeza alama yenye nguvu ya 20 mahali ambapo palikuwa na sifuri. Ukiiweka kona ya mbali, 20 gawanya kwa 99 ni 0.2, inakadiriwa kuwa sifuri, alama imefutika. Ukiiweka karibu, penye 12, jibu ni 1.67, linakadiriwa kuwa 2, na picha ikifunguliwa inarudi 24. Imeyumba kidogo lakini ipo. Kwa hiyo anayeficha alama kwenye chembechembe ndogo akidhani ameificha vizuri, ameiweka mahali JPEG inapofagia kwanza.

Hoja hiyo ndiyo msingi wa kazi ya Ingemar Cox, Joe Kilian, Tom Leighton na Talal Shamoon ya mwaka 1997. Walisema alama ikae kwenye sehemu zenye maana zaidi kwa macho, ili anayetaka kuiondoa alazimike kuiharibu picha yenyewe. Waliibadili picha nzima kuwa masafa, wakachukua namba 1000 zenye nguvu zaidi, wakaisukuma kila moja kidogo kwa namba ya kubahatisha inayojulikana na mwenye picha tu. Hakuna sukumo moja linaloonekana, lakini ukizilinganisha zote 1000 kwa pamoja, alama inajitokeza wazi.

Mbinu yao ilihitaji picha ya asili ili kusoma alama, na wengi huitaja hiyo kama kasoro. Mimi naona inategemea kazi. Kama unataka programu ipitie maelfu ya picha mtandaoni ikitafuta zako, huwezi kuilisha picha ya asili kwa kila moja; unahitaji mbinu inayosoma bila ya asili. Lakini kama ugomvi ni juu ya picha moja, ya asili unayo, na inakupa faida kubwa: unaweza kuilinganisha na ile iliyoibwa, ukajua ilikatwa wapi na kupunguzwa kiasi gani, ukairudisha mahali pake kabla ya kusoma alama. Mkasi hapo unapoteza nguvu zake nyingi.

DWT na SVD

DWT, mbinu ya weiveleti, huigawa picha sehemu nne: nakala ndogo yenye ukungu, na tatu za undani wa mlalo, wima na mshazari. Ile ndogo inaweza kugawanywa tena na tena. JPEG 2000 imejengwa juu ya hesabu hiyo. Faida yake juu ya DCT ya vipande ni kwamba inajua wapi pana mikwaruzo na wapi ni laini, hivyo unaweza kuweka alama kwa nguvu penye vurugu na kwa upole penye utulivu. Udhaifu wake ni mkubwa: ukiisogeza picha pikseli moja tu, namba za weiveleti zinabadilika. Maktaba ya programu iitwayo invisible-watermark, iliyotumika kwenye msimbo wa Stable Diffusion uliotolewa kwa umma, inachanganya DWT na DCT. Ni ya bure na inafanya kazi upesi, lakini kupunguza ukubwa na kukata huishinda. Na picha inayopigwa kutoka skrini ya simu mara nyingi imeshapunguzwa ukubwa.

Kuhusu SVD, hesabu inayoligawa jedwali la namba za picha katika sehemu tatu, natoa onyo. Karatasi nyingi zinaonyesha matokeo ya kupendeza mno: picha inazungushwa, inabanwa, inapakwa kelele, na nembo inatoka safi. Siri iko hapa. Katika mbinu nyingi za aina hii, nembo hugawanywa sehemu tatu za hesabu, na sehemu ya kati tu, orodha fupi ya namba, ndiyo inayoingizwa kwenye picha. Sehemu nyingine mbili hubaki kwa mwenye alama kama ufunguo, na hizo mbili ndizo zenye umbo la nembo. Wakati wa kusoma, namba zinazotoka kwenye picha huunganishwa na ufunguo, na nembo inatokea, kwa sababu umbo lake lilikuwa kwenye ufunguo tangu mwanzo. Mtu mwingine akija na ufunguo wa nembo yake, ataitoa nembo yake kwenye picha yako. Mbele ya mpatanishi, ushahidi wa namna hiyo hauna uzito wowote. Kabla ya kuchagua mbinu yenye SVD, uliza nini hasa kinaingizwa kwenye picha na nini kinabaki kwenye ufunguo.

Mkasi

Mwaka 1998 Fabien Petitcolas, Ross Anderson na Markus Kuhn walichapisha mashambulizi dhidi ya mifumo ya alama, yakiwemo ya programu waliyoiita StirMark. Programu hiyo haikujaribu kuitafuta alama wala kuifuta. Iliipinda picha kidogo sana, kana kwamba imechapishwa kwenye karatasi na kuskaniwa upya. Kwa macho hapakuwa na kilichobadilika. Kwa programu za kusoma alama, kila kitu kilikuwa kimehama. Alama bado ilikuwemo ndani ya picha, ila msomaji alikuwa akiitafuta pasipo mahali pake. Walionyesha pia shambulio la vipande: unaikata picha vipande vidogo, unavipanga pembeni kwa pembeni kwenye ukurasa wa intaneti, mtazamaji anaona picha nzima, na programu inayopita kukagua inaona vipande visivyotosha kubeba alama.

Kwa hiyo swali la kuuliza mbinu yoyote ni hili: inajuaje picha ilivyokaa? Majibu mazuri yako machache. La kwanza ni masafa ya Fourier, hesabu nyingine ya kuigeuza picha nzima kuwa masafa: ukubwa wa namba zake haubadiliki picha ikisogezwa, kinachotoka upande mmoja kikiingia upande wa pili, na ukiongeza hesabu ya Fourier–Mellin, kama walivyofanya Joseph Ó Ruanaidh na Thierry Pun miaka ya 1990, unapata kinachovumilia pia kuzungushwa na kubadilishwa ukubwa. La pili ni kuweka alama ya pili ya kuongozea, vilele vichache vya masafa vinavyomwambia msomaji picha ilizungushwa digrii ngapi. Shida yake ni kwamba mshambuliaji anayeijua anaweza kuvitafuta vilele hivyo na kuvifuta. La tatu ni kuirudia alama kama vigae kote kwenye picha, ili kipande chochote kikubwa kiasi kibebe nakala nzima. Kurudia kunagharimu ujazo, ila kwa picha zinazokatwa ovyo nisingekubali mbinu isiyo nako.

Mitandao ya neva

Hapa mbinu ni tofauti. Mtandao mmoja unajifunza kuficha biti, wa pili unajifunza kuzisoma, na katikati yao picha inaharibiwa makusudi: inabanwa, inakatwa, inatiwa ukungu. Vyote hufunzwa pamoja hadi wa pili aweze kusoma pamoja na uharibifu huo. HiDDeN ya mwaka 2018 ilionyesha njia. StegaStamp, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kuwasilishwa mwaka 2020, ilikwenda mbali zaidi: alama inasomeka hata picha ikichapishwa kwenye karatasi na kupigwa picha upya kwa kamera. Biti 100 hufichwa, na baada ya kutenga za kusahihisha makosa zinabaki 56 za ujumbe. Ukiitazama kwa karibu kwenye sehemu laini, alama yake huonekana kama ukungu mwepesi. Hiyo ndiyo bei ya uimara huo.

Kwa mambo manne niliyoanza nayo, hili ndilo kundi lenye nguvu kuliko yote, mradi uharibifu wenyewe ulikuwa kwenye mafunzo. Mtandao ambao haukuwahi kuona picha ya skrini hauna sababu ya kuihimili. Na kuna adui mpya: programu za kuzalisha picha. Watafiti walionyesha mwaka 2023 kwamba ukiongeza kelele kwenye picha kisha ukaiachia programu ya aina hiyo iisafishe, picha inatoka karibu ileile kwa macho, huku alama nyingi zisizoonekana zikiwa zimepotea. Dhidi ya mtu mwenye nia na ujuzi huo, sijaona alama isiyoonekana ninayoweza kuiapia. Bahati ni kwamba wengi wanaoiba picha hawajisumbui kiasi hicho. Wanapiga picha ya skrini na kupakia.

Utasikia pia majina ya SynthID ya Google DeepMind, Stable Signature ya Meta na Tree-Ring, yote ya mwaka 2023. Hayo yalibuniwa kutambulisha picha zilizozalishwa na kompyuta. Mpiga picha anayelinda kazi zake aendelee na mbinu nyingine.

Metadata na sahihi

Jina lako ndani ya sehemu za IPTC, sehemu moja ya metadata, yaani maelezo yanayohifadhiwa ndani ya faili la picha, halilindi kitu likiwa peke yake. Mitandao mingi ya kijamii huondoa metadata picha inapopakiwa, na picha ya skrini haiibebi kamwe. C2PA, kiwango kilichoanza mwaka 2021 kwa ushirikiano wa Adobe, Arm, BBC, Intel, Microsoft na Truepic, kimeongeza sahihi ya kriptografia: historia ya picha inatiwa sahihi, na mtu akiibadilisha, sahihi inakataa. Kwa kuthibitisha asili ya picha ya habari, hakuna mbinu ya alama inayokaribia uhakika huo. Lakini bado ni taarifa iliyobandikwa kwenye faili, inabanduka. Muunganiko wenye akili ni alama isiyoonekana kubeba namba fupi tu, na namba hiyo kukupeleka kwenye rekodi yenye sahihi iliyohifadhiwa kwingine. Ujazo mdogo wa alama imara hauwi tatizo tena.

Yote bega kwa bega

| Mbinu | JPEG | Kupunguza ukubwa | Kukata | Picha ya skrini | Hudhurika kwa |
|---|---|---|---|---|---|
| Inayoonekana | inabaki | inabaki | inategemea ilipo | inabaki | programu za kujaza |
| LSB | inakufa | inakufa | sehemu inabaki | inakufa | karibu kila kitu |
| DCT inayosomwa kwa msaada wa picha ya asili | inabaki | inabaki | nzuri, ukishairudisha mahali pake | mara nyingi inabaki | kupotea kwa ya asili |
| DWT+DCT bila mwongozo | inabaki kiasi | dhaifu | dhaifu | dhaifu | kuhama kidogo |
| Fourier au vigae | inabaki | nzuri | nzuri kwa kipande kikubwa | mara nyingi inabaki | kupindwa kusiko sawa |
| Mtandao wa neva | nzuri | nzuri | nzuri ikifunzwa hivyo | nzuri ikifunzwa hivyo | kuzalishwa upya |
| Metadata yenye sahihi | inategemea programu | inategemea programu | inategemea programu | inapotea | kuondolewa tu |

Je, ushahidi utasimama?

Hapa watu wengi hawafiki. Tuseme alama yako ni biti 32. Uwezekano wa picha isiyo yako kulingana nazo zote kwa bahati ni 1 katika 4,294,967,296. Unatulia. Lakini picha iliyopita kwenye JPEG inarudisha biti chache zilizokosewa, kwa hiyo unaamua kukubali hadi makosa 4. Sasa uwezekano umepanda hadi 1 katika 103,600 hivi. Ukipitisha programu kwenye picha milioni 10, takriban 97 zisizo zako zitaitwa zako. Tumia biti 64 na ukubali makosa 8, uwiano uleule wa makosa, na uwezekano unashuka hadi 1 katika bilioni 3.6. Anayekuuzia programu ya alama akwambie biti ngapi na makosa mangapi anayakubali. Akishindwa kujibu, usinunue.

Halafu kuna ujanja alioueleza Scott Craver na wenzake mwaka 1998. Mwizi hagusi alama yako. Anachukua picha yenye alama yako, anatoa alama aliyoibuni mwenyewe, na anachopata anakiita picha yake ya asili. Sasa kwa hesabu, alama yake ipo kwenye picha yako, na yako ipo kwenye yake. Nani wa kwanza? Alama peke yake haiwezi kujibu. Kinachojibu ni muda: hashi ya SHA-256 ya faili la asili (namba ya kulitambulisha faili, kama alama ya kidole chake) iliyotiwa muhuri wa saa na mtu wa tatu kabla picha haijachapishwa, pamoja na faili ghafi la kamera ambalo mwizi hana.

Na ufunguo utunze. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba usalama wa mfumo ukae kwenye ufunguo, mfumo wenyewe uweze kuangukia mikononi mwa adui bila madhara. Programu ya alama inayotumia ufunguo mmoja kwa wateja wake wote imeshavunja kanuni hiyo: anayeinunua anaweza kusoma alama yako, na mara nyingi anayeweza kuisoma anaweza kujaribu kuifuta hadi msomaji anyamaze.

Ningechagua hivi

Kwa sampuli za wateja: alama inayoonekana, katikati ya kitu chenye thamani, iliyopindwa tofauti kila picha, na picha yenyewe iwe ndogo. Kwa kazi zinazochapishwa wazi: mtandao wa neva wenye majaribio ya picha ya skrini, au mbinu ya masafa yenye vigae, ikibeba namba fupi ya kukupeleka kwenye rekodi. Kwa kumnasa mvujishaji: biti 64 au zaidi, namba tofauti kwa kila mpokeaji, na usimpe mtu mmoja nakala mbili zenye namba tofauti, maana akizichanganya wastani wake unadhoofisha zote mbili. Kwa ugomvi wa picha chache za thamani kubwa: mbinu inayosomwa kwa msaada wa picha ya asili, na muhuri wa saa. Kwa picha za ushahidi au za hospitali: alama tete, na sahihi ya faili juu yake.

Kabla ya kuamua, jaribu kwa picha zako mwenyewe, zikiwemo zenye anga tupu na zenye giza. Zibane kwa JPEG ya ubora wa 50, zipunguze nusu, kata robo ya kila upande mmoja mmoja, piga picha ya skrini kwenye simu, kisha fanya yote kwa mfululizo kwenye picha moja, kwa kuwa ndivyo inavyotokea picha inaposambazwa. Soma alama kila hatua na uandike biti zilizokosewa. Halafu fanya jaribio ambalo wauzaji hawalionyeshi: ipe programu picha zisizo na alama, na picha zenye alama pamoja na ufunguo usio wao. Ikidai kuiona alama humo, iondoe kwenye orodha siku hiyohiyo, hata kama ilifaulu mengine yote.